Ndege-Boti Haikuwa Kichekesho

Katika historia ya urubani kuna hukumu iliyorudiwa mpaka ikaacha kudaiwa ushahidi. Inasema kwamba watu waliochukua ndege-boti, wakaifunga bunduki za rashasha na kuituma ikapigane na ndege nyingine angani, walikuwa wanapoteza mbao, petroli na vijana. Ndege ya mapambano hutakiwa iwe nyepesi, boti haiwezi kuwa nyepesi, basi anayeviunganisha viwili hivyo atapata boti mbovu na ndege mbovu kwa mpigo mmoja. Kwa kawaida hukumu hii hutolewa kwa sentensi mbili, mwandishi akicheka, kisha hugeukia Fokker, Spad na Camel, ndege za nchi kavu zinazompendeza.

Nadai kinyume chake. Kati ya mwaka 1915 na 1918, katika Bahari ya Adriatiki, ndege-boti ndiyo iliyokuwa ndege sahihi ya kupigania angani, na walioichagua walikuwa na sababu zinazoweza kutajwa moja moja. Kinachochekesha ni kuipima kwa kazi ambayo haikutumwa kuifanya.

Kwanza tuelewane tunazungumzia chombo gani. Ndege-boti si ndege ya kawaida iliyovuliwa magurudumu ikavishwa maboya. Kiwiliwili chake chenyewe ndicho boti: mbao nyembamba zilizoundwa kwa mkuku na mbavu, rubani akikaa mbele karibu na omo. Chini ya ncha za mabawa huning'inia maboya mawili madogo, yakifanya kazi ileile ya matengo ya ngalawa, yaani kuizuia isilale ubavu. Injini haiko puani. Imepandishwa juu ya nguzo, nyuma ya kichwa cha rubani, na rafadha yake inatazama nyuma.

Wanaoibeza wana hoja, na hoja zao zisipunguzwe. Boti ni pana kuliko kiwiliwili cha ndege ya nchi kavu, kwa hiyo hupambana na upepo zaidi. Mbao hunyonya maji, na chombo kikishinda gatini wiki nzima huruka kizito kuliko kilivyotoka kiwandani. Injini iliyo nyuma ya kichwa inaweza kumwangukia rubani ndege ikigonga vibaya. Rafadha na nguzo zinamziba asione nyuma, na nyuma ndiko adui anakokuja. Mwendo wa kupanda juu ni wa polepole. Yote hayo ni kweli. Yanatosha kuthibitisha kwamba ndege-boti isingefaa kupigana juu ya mahandaki ya Ufaransa, na hakuna aliyewahi kupendekeza ipelekwe huko.

Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Historia ya mapigano ya angani ya Vita vya Kwanza vya Dunia imeandikwa zaidi na watu wa medani ya magharibi, na kipimo chao ni cha nchi tambarare: viwanja vya nyasi kila baada ya maili chache, injini ikizima unatua kwenye shamba la viazi. Lakini tazama ramani ya Adriatiki. Upande wa mashariki, uliokuwa wa Austria-Hungaria, Trieste imebanwa kati ya bahari na uwanda wa mawe wa Karst. Ukishuka kusini mpaka ghuba ya Cattaro, milima inasimama wima kutoka majini. Kutafuta uwanja wa ndege huko ni kutafuta ugomvi na mawe. Bandari zilizotulia, kwa upande mwingine, zilikuwepo tele. Jeshi la majini la dola hiyo lilifanya kile ambacho mwenye akili timamu angefanya: liliweka vibanda na gati zake za kushushia vyombo Trieste, Pola na Kumbor, na maji yakawa uwanja.

Upande wa Italia mambo yalikuwa tofauti, na hapo ndipo hoja ya wabezaji inapoanza kuvuja. Pwani ya Italia karibu na Ravenna na mdomo wa mto Po ni tambarare kama sinia. Viwanja vingepatikana. Hata hivyo Waitalia nao walichagua ndege-boti, kwa sababu shida yao haikuwa mahali pa kurukia. Ilikuwa bahari ya katikati. Kutoka Porto Corsini hadi Pola, ngome kuu ya wanamaji wa Austria-Hungaria, ni zaidi ya kilomita 120 za maji matupu, na rubani alitakiwa kwenda, kupigana na kurudi. Maadui wawili wenye pwani zisizofanana, kila mmoja kwa sababu yake, waliishia kwenye chombo kimoja. Kama huo ulikuwa wazimu, ulikuwa wazimu wa ajabu kuwapata wote wawili kwa wakati mmoja.

Injini za miaka ile zilizima. Bomba la mafuta lilipasuka, plagi zikajaa masizi, maji ya kupozea yakavuja. Marubani karibu wote waliruka bila mwavuli. Ndege ya magurudumu ikilazimika kushuka baharini, magurudumu hunasa majini na ndege nzima hupinduka kifudifudi. Rubani asipovunjika shingo huanza kuogelea na buti na koti la ngozi. Ndege-boti ikizima injini hushuka, hukaa, rubani akasimama juu ya kiti chake na kuanza kutafuta bomba lililopasuka. Jedwali la kulinganisha kasi halina safu ya jambo hilo, na kwa hiyo wanaosoma majedwali hawalioni.

Sababu nyingine ni bunduki. Mwaka 1915 tatizo lililowanyima usingizi wahandisi wa Ulaya yote lilikuwa namna ya kupiga risasi mbele bila kukata rafadha yako mwenyewe. Anthony Fokker aliwapa Wajerumani mtambo wa kuoanisha risasi na mzunguko wa rafadha, na kwa miezi kadhaa ndege zake zikawatesa Waingereza na Wafaransa. Ndege-boti haikuhitaji mtambo huo. Rafadha iko nyuma, pua iko wazi, bunduki inafungwa puani na rubani analenga kwa kuielekeza ndege yote. Waingereza walipokuwa wanatafuta jibu la Fokker huko Ufaransa, walijibu kwa DH.2, ndege ya nchi kavu yenye rafadha nyuma. Hakuna mwandishi anayeicheka DH.2 kwa mpangilio huo. Ukiwekwa juu ya boti, mpangilio uleule unageuka kuwa mzaha.

Ukoo wa ndege hizi unaeleza jinsi walivyojifunza haraka. Kampuni ya Lohner ya Vienna, iliyoanza kwa kutengeneza magari ya farasi, ilikuwa ikiunda ndege-boti bora kabla ya vita kuanza. Mei 1915, Italia ilipoingia vitani tu, Lohner moja yenye namba L.40 ilitekwa karibu na Porto Corsini ikiwa nzima. Waitalia waliipeleka Varese, kwenye karakana za Nieuport-Macchi, na ndani ya wiki chache nakala yake, Macchi L.1, ilikuwa tayari. Wizi wa vitani hauombi radhi. Lakini hawakuishia kunakili. Kampuni hiyo tayari ilikuwa na leseni ya kuunda ndege za Nieuport za Ufaransa, kwa hiyo ilijua siri ya bawa la chini jembamba lililozifanya ziwe nyepesi kugeuka. Ikachukua elimu ya boti kutoka kwa adui na elimu ya mabawa kutoka kwa rafiki, ikazichanganya, na mwaka 1917 ikatoka Macchi M.5.

Hapo ndipo ningependa mbezaji akae na karatasi yake. M.5 ilikuwa na injini ya Isotta Fraschini ya nguvu farasi 160, bunduki mbili puani, na kasi ya karibu kilomita 189 kwa saa. Hanriot HD.1, ndege ya nchi kavu ambayo vikosi vingi vya mapambano vya Italia viliitegemea wakati huohuo, ilikwenda kilomita 184 hivi. Ni kweli Hanriot ilipata mwendo huo kwa injini ndogo, ya nguvu farasi zipatazo 120, na ilipanda juu haraka zaidi. Boti ina gharama yake na gharama hiyo ililipwa kwa petroli. Lakini rubani akiwa angani hapigani na gharama. Anapigana na mwendo wa mwenzake, na mwendo ulikuwa sawa. M.5 zaidi ya 200 ziliundwa, na si kawaida ya taifa lililo vitani kuunda vichekesho 200.

Austria-Hungaria nayo haikulala. Ernst Heinkel, akiwa bado mbunifu wa ndege wa kampuni ya Hansa-Brandenburg, alibuni ndege-boti ya kiti kimoja iliyoitwa CC, kwa herufi za jina la tajiri Camillo Castiglioni, mzaliwa wa Trieste aliyeimiliki kampuni hiyo. Aliyeipatia sifa ni Gottfried von Banfield, kamanda wa kituo cha Trieste, mtu ambaye watu wa mji walimwita Tai wa Trieste. Alithibitishiwa ushindi mara tisa, na mwaka 1917 akapewa nishani ya Maria Theresa, ya juu kabisa katika dola yake. Upande wa pili, Orazio Pierozzi, aliyewaongoza marubani wa M.5, alipata ushindi mara saba. Majina haya hayasikiki kwa sababu waandishi hawakwenda kuyatafuta. Aliyekwenda ni Mjapani mchora katuni: Hayao Miyazaki, katika filamu yake Porco Rosso ya mwaka 1992, alimpandisha nguruwe kwenye ndege-boti juu ya Adriatiki, na kwa mzaha wake wote alizichora mashine hizo kwa heshima kuliko wanahistoria wengi.

Sasa hoja yao kubwa. Mwaka 1918, wanasema, Austria-Hungaria yenyewe iliikinai ndege-boti ya mapambano na kuweka Phönix D.I za magurudumu kulinda bandari zake. Aliyeikataa ni mwenye mali, unataka shahidi gani tena?

Shahidi huyo nampokea, lakini aulizwe swali la pili. Kwa nini aliikataa? Kwanza, CC yake ilikuwa imezidiwa, na iliyoizidi ni M.5, ndege-boti nyingine. Ni vigumu kuelewa jinsi boti moja kushindwa na boti mwenzake kunavyothibitisha kwamba boti hazifai. Pili, kufikia mwaka huo Austria-Hungaria ilikuwa imekaa kwenye kujihami. Anayelinda Pola huruka kutoka Pola, hupigana juu ya Pola, na akizimikiwa na injini ardhi iko chini yake. Kwa kazi hiyo magurudumu yanatosha. Mtu anayekuja kutoka ng'ambo ana hesabu nyingine kabisa, na Waitalia, waliokuwa wakija kutoka ng'ambo, waliendelea na boti zao hadi mwisho wa vita. Na si Waitalia peke yao.

Mwezi Julai 1918 wanamaji wa Marekani walianza kazi Porto Corsini, karibu na pale ilipotekwa L.40 miaka mitatu nyuma, chini ya Willis Haviland, rubani aliyekuwa ameonja vita vya Ufaransa. Walipewa M.5. Tarehe 21 Agosti kundi lao lilivuka kwenda Pola kumwaga vikaratasi vya propaganda. Ndege za magurudumu zikapanda kuwapokea. Katika purukushani hiyo George Ludlow alipigwa, injini yake ikaharibika, akashuka baharini maili chache tu kutoka mdomo wa bandari ya adui. Charles Hammann, kijana wa Baltimore, naye alikuwa amepigwa na omo ya boti yake imeumia. Badala ya kurudi nyumbani alizunguka akatua kando ya mwenzake, mawimbi yakiwa makubwa. Ludlow aliitoboa ndege yake ili izame isije ikatekwa, akapanda ya Hammann. Ilikuwa ya kiti kimoja. Akajikunja nyuma ya rubani, chini ya injini, akizishika nguzo kwa mikono. Hammann akaiendesha juu ya mawimbi mpaka ikainuka, omo ikizidi kuvunjika, akavuka tena zile kilomita 120. Walipotua Porto Corsini boti ikanywa maji na kupinduka, na wote wawili wakatoka hai. Hammann alipewa Nishani ya Heshima, ya kwanza kwa rubani wa jeshi la majini la Marekani. Alikufa Juni 1919 kwenye ajali, akiwa ndani ya M.5, huko Langley, Virginia.

Mbezaji ataniambia: lakini Ludlow alipigwa na ndege ya nchi kavu! Alipigwa, ndiyo. Fikiria basi siku hiyohiyo akiwa kwenye Hanriot. Asingekuwepo wa kuokolewa, na kama angekuwepo akielea, mwokozi wake angemzungukia juu, ampungie mkono na kwenda zake.

Hammann hakuwa wa kwanza kuutumia uwezo huo. Tarehe 15 Septemba 1916, karibu na Cattaro, Lohner mbili ziliiona nyambizi ya Ufaransa, Foucault, chini ya maji maangavu, zikaipiga mabomu ikazama. Ilikuwa nyambizi ya kwanza kuzamishwa na ndege ikiwa safarini baharini. Kisha zikatua na kuwaokoa mabaharia wake, wakaning'inia kwenye boti za adui mpaka meli ikaja kuwachukua. Hakufa hata mmoja.

Nje ya Adriatiki mambo yalikuwa na sura nyingine, na huko nitapita haraka. Katika Bahari ya Kaskazini ndege-boti zilikuwa majitu ya injini mbili. Mei na Juni 1917 Curtiss mbili za Waingereza, moja kutoka Great Yarmouth na nyingine kutoka Felixstowe, ziliziangusha Zeppelin L 22 na L 43. Tarehe 4 Juni 1918 boti za Felixstowe F.2A, zikiongozwa na Robert Leckie, zilipambana na kundi kubwa la ndege za maboya za Wajerumani karibu na pwani ya Uholanzi. Baadaye Leckie alilalamika katika taarifa yake kwamba mabomba ya petroli ya ndege zao wenyewe yaliwasumbua kuliko adui. Boti moja iliyoshindwa na bomba lake ilishuka majini na watu wake wakafika Uholanzi wakiwa hai. Haya hayakuwa mapambano ya ndege za kiti kimoja, lakini yanatosha kumsumbua anayesema kwamba boti haikuweza kupigana angani.

Kuna wakosoaji wa kwetu pia, na wao hunipa taabu zaidi kwa sababu ushahidi wao uko Rufiji. Novemba 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg ikiwa imejificha kwenye delta, Waingereza walimleta Dennis Cutler, rubani wa kiraia aliyekuwa Durban, na ndege-boti yake ya Curtiss. Alirukia kisiwa cha Niororo, karibu na Mafia. Rejeta ikaharibika, ikabidi itafutwe ya gari la Ford kutoka Mombasa. Aliipata Königsberg, lakini Desemba injini ilimwangusha akatekwa. Zikaletwa ndege za maboya, nazo joto na unyevu vikazishinda: gundi ikaachia, mbao zikapinda, injini zikakosa pumzi. Mwishowe waliosaidia kuimaliza Königsberg, Julai 1915, ni marubani wa ndege za magurudumu waliorukia uwanja uliofyekwa Mafia. Kwa hiyo, wanasema, hata hapa kwetu magurudumu yalishinda.

Yalishinda Rufiji, nakubali bila kinyongo. Lakini kilichoshindwa pale ni gundi na injini za mwaka 1914 chini ya jua la Tanzania. Na uwanja ule wa Mafia uliwezekana kwa sababu Waingereza walikuwa wamekiteka kisiwa kizima, wakapata miezi ya kufyeka na kusawazisha, na Königsberg haikuwa na ndege hata moja ya kuwasumbua. Mpe Banfield kisiwa tambarare, miezi ya kufyeka na adui asiye na ndege, naye angefunga magurudumu. Robo karne baadaye abiria wa Imperial Airways walipotua Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi kwa ndege-boti kubwa za Short, hakuna aliyewaita wendawazimu. Sababu ilikuwa ileile ya Trieste: maji yalikuwepo, viwanja bado.

Kosa la mwisho la wabezaji ni la kalenda. Hupenda kumalizia na Saunders-Roe SR.A/1, ndege-boti ya mapambano yenye injini za jeti iliyoruka Uingereza mwaka 1947. Zikaundwa tatu, mbili zikapotea kwenye ajali, mradi ukafa. Tazama, wanasema, lile wazo la kijinga liliishia hapo. Lakini ndege hiyo ilifikiriwa kwa ajili ya visiwa vya Pasifiki visivyo na viwanja, na ilipokuwa tayari vita vilikuwa vimekwisha, meli za kubebea ndege zimejaa baharini na matingatinga yamekwisha kuonyesha yanavyoweza kutengeneza uwanja kwa siku chache. Kumhukumu mbunifu wa 1917 kwa mambo ya 1947 ni sawa na kumfunga mtu kwa sheria iliyotungwa baada ya yeye kuzikwa.

Kama wanataka tarehe, ipo, na nitawapa mwenyewe. Baada ya vita ndege-boti zilishinda Kombe la Schneider, mashindano ya kasi ya ndege za majini: Savoia mwaka 1920, M.7 ya Macchi, mdogo wake M.5, mwaka 1921, ingawa miaka hiyo miwili Waitalia walishindana peke yao, na Supermarine Sea Lion II mwaka 1922 huko Napoli, kwa wastani wa kilomita 234 kwa saa. Tarehe 28 Septemba 1923, Cowes, Wamarekani walileta Curtiss CR-3, ndege nyembamba ya maboya, wakaenda kwa wastani wa kilomita 285. Sea Lion III ilikuja ya tatu, na tangu siku hiyo hakuna boti iliyolichukua kombe lile. Anayetaka kuicheka ndege-boti ya kasi na aanze kucheka hapo Cowes, mchana wa siku hiyo, na si saa moja kabla yake.